Kangaga Lililobaki Mwambani

Mbebe,
kwa njia ya Posta ya Tukuyu.
10 Juni, 1938.

Mpendwa kaka Anyelwisye,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Je, kifua kimepona, na huko Kitwe mnapata blanketi za kutosha? Huku baridi imeshika. Mimi ni mzima, ila usingizi sina, maana Loisi ana majuma matano na hulia kutwa kucha.

Naam, ni mtoto wa kike. Mama alifurahi, akapanda mwambani na magoti yake yale mabovu achume majani mawili ya kangaga liotalo nyufani, tumwogeshee mtoto siku ya kutolewa nje, kama tulivyoogeshwa wewe na mimi. Alirudi na kikapu kitupu. Akasema neno moja tu, "Mwamba umefagiliwa."

Kaka, tulidhani mwezi wa Machi ulimpeleka yule Bwana Mzungu mkusanya mimea akatazame tu. Kumbe mlichokonoa kila ufa kwa tindo, mkang'oa na mizizi, akayalaza makangaga kwenye magazeti na kuyabana kwa mbao. Watu walicheka, wakasema Bwana hana hata mbuzi, majani yote yale atamlisha nani. Wewe ulipewa barua ya kukusifu, ukapata kazi mgodini. Mama amechuma pale tangu usichana wake na hajawahi kugusa mzizi.

Loisi tulimwogesha maji ya kisima. Mashangazi wa mume wangu humwita Maji Matupu. Nacheka nao, kisha naingia jikoni.

Sasa barua yako. Unasema Bwana anarudi Agosti, na umemwahidi kuwa mdogo wako atamtafutia makangaga mengine. Nimetafuta, ila si kwa ajili yake. Limebaki moja, dogo kama kiganja cha mtoto, ndani ya ufa usioingia mkono wa mwanamume. Lina majani manne. Sikulichuma hata kwa Loisi.

Bwana akija nitampikia viazi, nitamwambia yamekwisha. Nawe usimwahidi tena mtu kitu kilicho mikononi mwangu.

Usidhani nimekukataa. Yunisi akijifungua, mlete na mtoto. Huenda majani yatakuwa yameongezeka. Mkeo nitampandisha mimi mwenyewe, nimwonyeshe. Wewe utatungoja chini.

Shemeji yako Enoka anakusalimu. Mama pia anakusalimu, ila kwa kweli hakunituma. Hizi zake nimeziandika mimi. Msalimu sana Yunisi. Mungu akutoe salama shimoni kila siku.

Wako akupendaye, hata kwa uchungu huu,
mdogo wako,
Elina