Kaseti Iliyokwenda Mwamkulu

Baba,

Kaseti ipo salama. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza hilo kabla hata ya salamu. Nimeisikiliza jana upande mzima, na tangu jana napumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Siku ya kuanua tanga ukoo ulikaa kugawa vitu vyako. Koti lilikwenda kwa Baba Mdogo, baiskeli kwa kaka, na redio kaseti pamoja na boksi la kaseti zote kwa Shangazi Veronika, Mwamkulu, kwa kuwa ni dada yako wa tumbo moja. Mimi sikufungua mdomo. Ningesemaje? Mwalimu mzima ananyoosha mkono mbele ya wazee kudai kelele za wazungu, na kaburi la baba yake halijaota nyasi. Nikabaki kujilaumu miezi minne.

Maana kelele zile, Baba, nilizipenda baada ya kuzichukia. Nyumba nzima tulikucheka. Unatoka stesheni, unavua viatu, unaiweka kaseti hii, na dakika ishirini na ushei wimbo ni ule ule mmoja. Unaanza na upepo, kinanda kinaingia kama cha kanisani, halafu ngoma zinazohesabu saba badala ya nne. Kila aliyejaribu kucheza alijikwaa. Mama aliuita mashine ya kusaga. Nilipofika darasa la saba ndipo masikio yakafunguka. Ile filimbi iliyopita kidogo tu mwanzoni, gitaa linakuja kuirudia mwishoni, taratibu, kwa uchungu, na unalia bila kujua neno hata moja la Kiingereza chao. Kwenye dansi kiitikio kinakujia mapema. Hawa walinifanya ningoje, na nilipopewa nilijua nimepewa. Hakuna muziki niliowahi kuupenda hivyo. Nilipaswa kukuambia ukiwa hai.

Juzi nikasikia kwaya ya kigango cha Mwamkulu inarekodi nyimbo zake kwa redio ya Shangazi, tena juu ya kaseti kuukuu. Moyo ulinipasuka. Ni kweli ulishavunja vile vijino vya mgongoni mwa kaseti ili isirekodiwe tena, lakini nani hapa hajui kuziba tundu kwa karatasi? Jana nikaazima baiskeli, nikatoka Magamba mbio.

Shangazi alinisimulia huku anacheka na kufuta machozi. Kaseti zako za dansi zote zimefutwa. Zamu ya hii ilipofika, tundu limeshazibwa kwa karatasi na kaseti inalia kwa kujaribiwa, yeye akasema wangoje kwanza wimbo uishe, kwani si heshima kumkatiza marehemu katikati. Wakangoja. Waimbaji wamepanga mistari, wimbo hauishi. Ukafika pale muziki unapozama mpaka unakuwa kimya kabisa, mwalimu wa kwaya akapeleka kidole kwenye kitufe. Ndani ya kimya kile ikatoka sauti yako: "Bado, nyie. Hawajamaliza."

Unaikumbuka siku ile? Ulitupeleka kwa yule mzungu aliyechimba visima, ukaweka redio mbele ya spika zake, maana santuri yenyewe alikataa itoke nyumbani kwake. Tukadhani wimbo umeisha, tukaanza kuinuka, ukatunong'oneza. Sisi nyumbani tuliizoea sauti hiyo hata tukaiona sehemu ya wimbo. Shangazi hakuwahi kuisikia. Aliketi chini palepale, na kwaya ikasikiliza imesimama mpaka mwisho. Hakuna aliyerekodi kitu siku hiyo.

Kaseti hakunipa. Anasema ukoo ulimpa yeye, na ni kweli. Nilidhani nitaumia, wala sikuumia. Mikononi mwake haitafutwa kamwe, mimi sihitaji zaidi ya hapo. Anaamini wazungu wale wanasali, kwa sababu ya kinanda, nami sijambishia.

Basi nakuaga, Baba, na moyo mweupe. Wadogo zangu wanashinda na rap ya Kiswahili redioni, sitawalazimisha. Ila ahadi yangu ni hii: kila Jumapili baada ya ibada nitakwenda Mwamkulu na betri mpya, nikae na dada yako. Pumzika. Jana wimbo ulipokwisha Shangazi aliinuka, akageuza upande wa pili mwenyewe, bila kuniuliza.

Mwanao,
Skola