Nia Niliyoiweka Moyoni

Jumatatu, 2 Juni
Zamu ya asubuhi kazini, kutunza wazee. Wazee wawili wa kuogesha, basi limechelewa. Nimerudi nyumbani Thamesmead, huku London, miguu ikiwaka moto. Mwende kajifungia chumbani. Chai niliyomwachia mlangoni imepoa hapohapo. Binti yangu hanisemeshi tangu sala ya jumuiya, Jumamosi iliyopita. Wenzangu walitaja nia zao za kuombewa, nami nikataja yangu: tumwombee Mwende, amefeli mtihani wa chuo, ataurudia. Wakaomba kwa sauti, kila mtu na jina la Mwende mdomoni. Kufika Jumapili, hata Wakenya wa Harrow, upande wa pili wa jiji, walikuwa wameshampigia kumpa pole.

Kwetu ndivyo tunavyosaidiana. Kosa silioni.

Jumatano, 4 Juni
Bado kanuna. Leo amesema "Excuse me" akipita jikoni. Abiria wa basi ndio huambiwa hivyo, si mama. Nimeumia.

Ijumaa, 6 Juni
Ujumbe wa simu wa Mwende, kutoka chumba cha pili: kesho maktaba ya chuo inapokea wazazi, ukitaka njoo. Najua, anataka kuacha chuo. Ananiita aniambie mahali nisipoweza kupiga kelele. Usingizi hauji.

Jumamosi, 7 Juni
Maktaba yenyewe ni kanisa. Zamani lilikuwa la watawa. Wao wakaondoka, vitabu vikaingia. Nguzo zipo, madirisha ya rangi yapo. Palipokuwa na altare pana meza ya kuazimia vitabu. Sikufikiri, nikapiga goti. Mama wa Kizungu aliyekaa pale akainamisha kichwa kunijibu. Mwende akageukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Tukakaa. Nikafungua mdomo niombe, kwa sauti, kama nilivyozoea. Akanishika mkono. Akanong'ona, na kwa Kiswahili chake cha kuchanganya, yeye ambaye hunijibu kwa Kiingereza siku zote: "Hapa nobody knows nimefeli, Mum. Ndiyo maana naweza kusoma."

Nikaufunga mdomo. Nimeona aibu, ya kweli. Alasiri yote nimekaa kando yake, yeye akisoma, mimi nikitazama dari. Haachi chuo.

Jumapili, 15 Juni
Jumuiya imesali nyumbani kwangu. Zamu ya nia ikanifikia. Mwende alikuwa amesimama mlangoni na birika, ananitazama. Nikasema yangu naiweka moyoni. Wakatazamana. Mmoja akaniuliza kama naumwa.

Baada ya sala Mwende akamimina chai. Akaanza na kikombe changu, wageni wakisubiri.