Mlango wa Jikoni wa Mzee Eino

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje tangu uliporudi kwa daktari kule Mugumu? Na mvua huko Nyansurura imeshika, au bado mnatazama juu? Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa sababu simu hukatika kabla sijayafikia maneno yenyewe.

Uliniuliza kazi yangu huku Ufini ni ipi hasa. Naandika maagizo ya kompyuta: taa iwake mtu akiingia, nyumba ipate joto baridi ikizidi. Siandiki upya kila siku. Kipande cha maagizo kikifanya kazi vizuri nakihifadhi, na kwa nyumba nyingine nakitumia hicho hicho, nabadilisha tu jina la mlango na saa. Kimoja nilikitengeneza kwa ajili ya wazee wanaoishi peke yao, kinasoma kifaa kidogo kinachofungwa mlangoni. Asubuhi ikipita mlango wa jikoni haujafunguliwa, ukurasa ambao mtoto wa mzee anautazama kwenye simu unageuka mwekundu, na sisi ofisini tunapata ujumbe.

Kwa wazee wengine kimetulia. Kwa Mzee Eino kilituita karibu kila wiki, na kila tukienda tunamkuta mzima. Bosi akaniambia, "Kipande chako kibovu. Usipopata kosa, tunakiondoa kwa wote." Nikakisoma mstari kwa mstari, sikuona kitu. Safari iliyofuata nikaenda mwenyewe.

Nilimkuta sebuleni, amenyoa ndevu, amevaa koti la kanisani. Mezani kuna chupa ya chai na vikombe viwili. Tulisemezana kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga.

"Mlango wa jikoni una shida?"

"Hauna."

"Mbona hujaufungua?"

Akamimina chai kwanza. "Nikiufungua, hamji."

Chai ilikuwa ya jana yake jioni, vuguvugu tu. Niliinywa yote. Mama, mimi Jumamosi nzima hupita sijasema na mtu, basi nilikaa pale hadi mchana. Akanionyesha picha za marehemu mkewe, nami nikamweleza ng'ombe wetu mmoja mmoja kwa rangi zao.

Niliporudi nilimwambia bosi kipande hakina kosa, kisha nikampigia binti wa mzee. "Baba yako haumwi," nikamwambia. "Anataka watu." Haikupita muda akaja kumchukua, wakaishi pamoja mji mwingine. Nilifurahi. Halafu nikapewa kazi ya kuifuta nyumba yake kwenye ukurasa wetu, nikaifuta, nikabaki nimekaa.

Niliwaza kukutumia kifaa kama kile. Nikakumbuka kwamba ukichelewa kutoka, mke wa kaka Mwita anagonga dirisha kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Wewe hukihitaji.

Jumapili nitapanda treni nikamwone Mzee Eino huko kwa binti yake. Wamesema nije.

Nisalimie kaka Mwita na huyo wifi yangu mwenye macho. Shangazi Nyangi wa Morotonga mwambie kitenge chake nakivaa humu ndani, nje baridi hairuhusu. Baba mdogo Marwa akipita kutoka Sirari, mpe pole ya kufiwa.

Ni mimi binti yako. Huku wananiita kwa jina la ubatizo tu. Ukipiga simu, niite Bhoke kwanza, habari nyingine zifuate.