Laoban Alipoonja Fiano

Jumanne, Guangzhou

Kosa ni langu, najua. Nimechoka kugombania magauni soko la Shahe, na dada yangu anataka divai nyeupe kwa hoteli yake kule Moshi. Leo nikaipata: Fiano, kutoka milima ya volkano kusini mwa Italia. Chupa zimejaa vumbi, bei ya kutupa.

Laoban, mwenye duka, akanisukumia nyekundu yenye sukari. "Waafrika mnapenda tamu."

Nikapandwa na hasira. "Kwetu mwenye pombe huonja kwanza. Fungua hiyo nyeupe, onja!"

Kumbe hajawahi hata kuinywa. Akaonja. Akajimiminia ya pili. Kisha akachukua kalamu, akafuta bei, akaandika mara mbili yake.

Mimi nikaambulia tone. Ukali wa limau, halafu mwishoni kitu kama jiwe lililonyeshewa mvua. Naitaka hii.

Naogopa, maana kontena tunalochangia na wenzangu linafungwa Ijumaa kule bandari ya Nansha. Lakini duka la tatu kutoka pale nimeziona chupa zilezile, na zenyewe zina vumbi.

Kesho naenda. Nitaonja mimi kwanza, na uso nitaukunja.