Niliyoyasikia Mkutanoni Nikayanyamazia Nyumbani

Makambako, mwezi wa saba

Mdogo wangu Zaina,

Nakusalimu kutoka kwenye upepo huu usiokoma. Goti lako linaendeleaje? Huko Kondoa mmemaliza kuvuna mtama? Sisi tunapumua, ila mimi situlii. Barua hii nimeianza mara tatu.

Mji huu niliohamishiwa kufundisha wakati reli inajengwa huwezi kuujua sasa. Tangu biashara iachiwe huru, nyumba za wageni ziko kila kona, na malori ya Zambia yanapanga foleni. Wasichana wanaokuja kuhudumu humo wamekuwa wakiumizwa. Ndiyo maana tuliunda kamati: ofisi ya kata, polisi, muuguzi, mchungaji, shehe wetu na wenye nyumba za wageni. Mimi nikapewa ukatibu.

Tuliamua mhudumu asiingize ndoo ya maji ya moto chumbani kwa mgeni, aiache mlangoni. Jirani yangu Salumu, mwenye nyumba ya wageni, akapinga: "Mwalimu, baridi hii, mgeni atoke na taulo kufuata ndoo? Mtawakimbiza wote walale Mbeya!" Tukacheka naye. Kisha muuguzi akasema msichana akibakwa asioge, wala nguo zake zisifuliwe, maana ndizo ushahidi. Aletwe vilevile alivyo. Niliandika kila neno.

Nyumbani wifi yako Mwanaidi akauliza, "Mmezungumza nini?"

"Mambo ya kata tu," nikamjibu. Niliona haya kumtajia.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, nikiwa sokoni, Tumaini, mhudumu wa Salumu, alikimbilia kwetu. Kwa Salumu uamuzi wetu ulikuwa haufuatwi; dereva mmoja alimfungia chumbani alipoingiza ndoo, akambaka. Mwanaidi alifanya ambalo hata mama yetu angefanya: alimwogesha, akamfulia gauni, akamkorogea uji. Niliporudi nililikuta gauni kwenye kamba, linachuruzika.

"Umefua?"

"Sasa nimwache hivyo, mtoto wa watu?"

Nilipomweleza, alikaa chini. "Ulilijua hili, Mwalimu, ukaninyima?"

Tukampeleka Tumaini kwa muuguzi asubuhi ileile.

Muuguzi alimtibu kwanza, fomu ya polisi ikafuata, kama kamati ilivyokubaliana. Dereva alikamatwa kabla lori halijaondoka. Lakini daktari aliyempima hakupata mengi ya kuandika kwenye fomu hiyo.

Kesi inasikilizwa Alhamisi, Njombe. Jana Salumu alikuja kutushawishi. "Tuyamalize nyumbani, Mwalimu. Ushahidi wenyewe umekwenda na maji."

Tumaini, anayekaa kwetu tangu siku ile, alikuwa jikoni anamenya viazi. Akajibu bila kuinua kichwa, "Mimi sijaenda na maji, baba. Nipo."

Salumu aliaga bila kumaliza chai.

Basi tutakwenda watatu. Mwanaidi ataeleza alivyompokea. Mimi nitaeleza kwa nini gauni lilifuliwa, mbele ya hakimu na pengine mbele ya wanafunzi wangu wa zamani. Sijui kama itatosha. Najikuta natembea uani nikijaribu maneno ambayo katika umri wangu wote sijawahi kuyatamka.

Nisalimie shemeji, mumeo, na shangazi yetu aliyebaki. Mwambie mwanao mkubwa, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa kijiji, akaonane na muuguzi wenu, msikae kungoja kama sisi.

Na barua hii usiisome peke yako. Waite wake za kaka zetu na mabinti zao, uwasomee kwa sauti, hata pale panapokutia haya. Hapo hasa usiruke.

Ni mimi kaka yako,
Idi