Mara Ngapi Ulimuua Ami Seif

Kaka Nasor,

Posa ya binti yako Raya ilivunjika siku ya tatu ya matanga yako, na aliyeivunja ni wewe. Nakwambia mwanzo kabisa, usije ukadhani huko uliko kwamba nimekaa kukuandikia machozi. Kulia nimelia, mpaka wenzangu wakanishika mabega. Yamekwisha. Sasa nina hasira, na hasira yenyewe sina wa kumpa ila wewe.

Ilikuwa hivi. Haitham wako alifungua kabati kutafuta hati ya nyumba. Badala ya hati akakuta madaftari kumi na mawili. Kila ukurasa una bastola au bunduki uliyoichora kwa penseli, na chini yake maneno ya Kiswahili, mwandiko wako ule wa kulalia upande. Mwanao Kiswahili chake ni cha jikoni, unajua. Anaomba chai, anamwamkia mkubwa, basi. Kusoma hawezi kwa sababu hukumfundisha. Lakini jina la mzee wetu aliliona. Ami Seif na bastola, Ami Seif na bunduki, ukurasa baada ya ukurasa. Akatoka na daftari moja barazani, akampa mtu wa kwanza aliyejua kuwa anasoma Kiswahili, na mtu huyo alikuwa Badar, mtoto wa Ami Seif mwenyewe. Wanaume wote wale waliojaa kwenye khitma yako, Kaka, akamwona Badar!

Badar akasoma kwa sauti: "Ami Seif anashuka ngazi. Anapigwa kwa bunduki ya mitutu miwili, imekatwa, ilikuwa chini ya koti. Safi."

Uliandika "safi". Neno hilo ndilo lililotumaliza. Chakula kilikuwa hakijaandaliwa, na watu wa Ami Seif walishavaa viatu.

Haitham akaja mlango wa wanawake, uso umemshuka. "Shangazi, hichi nini? Baba alikuwa na kisasi na Ami Seif?" Chumba kimejaa, misahafu mikononi, macho yote kwangu. Mimi ambaye mwandiko wangu umo katika madaftari manne ya mwanzo, mimi niliyelitia jina la Ami Seif humo kwa mkono wangu, nikamjibu, "Sijui, mwanangu." Nilitahayari. Nilimwona marehemu Baba yetu mbele yangu, aliyekuwa akisema sinema ni kazi ya wasiosali. Jua halijachwa, likaja neno kutoka Yiti, kwa kina Ami Seif, kwamba hawawezi kuoa kwenye nyumba iliyokuwa ikiwawinda. Raya hakulia mbele yangu. Alikwenda kazini na kurudi, akala sahani yake, akaiosha. Anampenda kijana yule, mjukuu wa Ami Seif, na wewe ulijua.

Ningewaeleza vipi? Ningesema tulikuwa tumetoka Unguja juzi, tunaishi Wadi Kabir, hapa Maskati, chumba kimoja nyuma ya gereji, na jirani alikuwa na video? Kwamba duka la kaseti lilikuwa la kukodisha, kila Alhamisi tukifika filamu za Kihindi zimeshachukuliwa zote, zimebaki za Kitaliani tu, za polisi na majambazi, kwa sababu hakuna aliyezitaka? Kitaliani hatukijui. Maandishi ya Kiarabu chini ya picha yalikimbia. Tulihitimu Kurani, lakini kusoma kwa mbio namna ile, wapi! Basi tukafuata silaha. Ulisema, "Wewe tazama mkono, Zuwena, mdomo waachie wenyewe." Mwenye rivolva ya mtutu mfupi kiunoni ni inspekta, na hakuna anayemsikiliza. Mwenye bastola nyeusi, bapa, anaisafisha kwa kitambaa cha hariri, huyo hafiki mwisho. Wa bombomu, ile bunduki ya kumimina risasi, ndani ya gari hana jina, atakufa na gari lake. Na bunduki ya mitutu miwili iliyokatwa ilikuwa ya watu wa kijijini wenye kisasi cha ukoo, nayo haikukosa hata siku moja.

Majina hatukuyashika, tukawapa ya kwetu. Inspekta alikuwa Baba, kwa sababu na yeye alikuwa na masharubu na alighadhibika kutwa. Tajiri mkubwa, anayekaa kitini koti limemlala mabegani na watu wanamwinamia sikioni, alikuwa Ami Seif. Nani mwingine? Ndiye aliyetuleta Maskati, ndiye aliyetupa nyumba, na hakuna aliyekohoa mbele yake.

Nakumbuka ulivyokuwa ukihesabu risasi kwa vidole. "Rivolva inakula sita, hesabu na mimi. Saba. Nane. Hiyo ya tisa imetoka wapi, mfukoni mwa mama yake?" Ulikuwa ukikasirika kweli. Mtu akiingia mlangoni na rivolva akatokea upande wa pili na bastola bapa, ulisimama ukamwelekezea kidole, unataka mashahidi. Hayo yote uliyaandika. Nimeyasoma, na nimecheka, na nimechukia kwamba nimecheka.

Na wewe mwenyewe hukuwahi kushika bunduki. Kwenye harusi zetu wanaume wakicheza razha, wanarusha bunduki juu na kuzidaka, wewe ulisimama nyuma na bakora yako, umeziba masikio. Watoto walikucheka. Mimi nilikutetea siku zote, nikisema Nasor ni mpole.

Haitham alitaka kuyachoma madaftari kule mtaa wa Ghala, nyuma ya bohari lake. Nilimnyang'anya mkononi. Nikakaa nayo sakafuni chumbani kwangu asubuhi nzima, nitafute la kuwaambia watu. Manne ya mwanzo ni sisi wawili, mchezo mtupu. Ami Seif mara anakufa, mara anashinda, anapanda ndege na mke wa mtu. Halafu nikafungua la tano.

La tano ni lako peke yako. Mimi nilikuwa nimeacha kutazama. Unajua niliacha lini, na unajua kwa nini.

Mwaka ule Baba alikuwa hayupo tena, wewe ndiye walii wangu wa kuniozesha. Yule mwalimu wa Kipemba alikuja na wazee wawili kunitaka. Nilikuwa nyuma ya mlango na sinia la halua mikononi. Ami Seif akauliza, "Asili yake wapi huyu?" Akakutazama wewe. Kila mtu akakutazama wewe. Na wewe ulitazama vikombe vya kahawa. Nilikuona kwenye upenyo wa mlango, Kaka. Ulitazama vikombe mpaka wageni wakanyanyuka. Halua nikairudisha jikoni. Sikuolewa mpaka leo, na wewe na mimi hatukulitaja jambo lile mpaka tumekuzika.

Sasa nasoma daftari la tano. Ukurasa wa kwanza Ami Seif anakufa ndani ya lifti, rivolva, risasi tatu. Wa pili yuko kwa kinyozi, povu kidevuni, bastola yenye kizibo cha sauti. Wa tatu bombomu. Kila filamu uliyotazama tangu siku ile, hata kama tajiri mwenyewe hakufa, wewe ulimuua. La sita vilevile. La tisa ndilo lililoshikwa na Badar. Mpaka la kumi na mbili, la mwaka jana, mtu na mvi zake, ameshakubali kumwoza binti kwa mjukuu wa mzee yule, bado anamuua.

Kumbe uliniona mlangoni. Kumbe ulijua siku zote hizo. Nilidhani hukuhisi kitu, nikajifunza kuishi na ndugu asiyehisi kitu, na ilikuwa nyepesi kuliko hii. Ungeniambia! Ungenijia jikoni ukasema, Zuwena, niliogopa. Badala yake ulijifungia na penseli ukamtetea dada yako kwa kila silaha waliyo nayo Waitaliani, kimya kimya, asisikie mtu. Unanitia kichefuchefu, na nakupenda, na sijui nifanye nini na vyote viwili.

Juzi baada ya alasiri nilichukua teksi mpaka Yiti, madaftari nimeyatia kwenye gunia la mchele. Badar alinifungulia mlango bila ya kunitazama. Ami Seif amekuwa mdogo sana, blanketi magotini na joto hili. Ningeweza kumsomea manne ya kwanza tu, nikasema ni utoto, nikarudi. Lakini Badar alikuwa amekaa pale na yeye alisoma la tisa. Basi nikasoma yote. Nikaeleza kaseti, nikaeleza majina, nikasema mwandiko wangu umo katika manne ya mwanzo na siku ya matanga nilisema uongo. Kisha nikasema, "Na haya mengine, Ami, ni kwa sababu yangu mimi. Kwa sababu ya yule mwalimu." Nimezeeka kabla ya kulitamka neno hilo mbele ya mtu.

Mzee alivuta blanketi lake. Akauliza, "Mara ngapi kaniua?" Nikamwambia sikuhesabu. Badar akacheka kidogo, akajizuia.

Halafu Ami Seif akasema, na nayaandika kama alivyoyasema, uyasikie: "Mimi nliuliza asili yake tu. Walii wako Nasor. Nlimtazama nikingoja aseme, huyu mie nnamjua, nnamtaka. Angesema neno moja, ningelisoma fatiha pale pale."

Akamgeukia Badar akamwambia awapigie kina Raya, harusi iko palepale. Akaomba kahawa yake.

Nilipanda teksi, dereva akaniuliza wapi, nikamwambia aende tu. Labda mzee anasema uongo. Ukarimu si mgumu sasa, mwalimu keshaoa zamani Pemba, wewe kaburini, mimi na meno yangu ya bandia. Na labda anasema kweli. Sitajua kamwe. Aliyekuwa na njia ya kujua ni wewe peke yako, siku ile, na hukuijaribu.

Raya ataolewa mwezi ujao. Walii wake ni Haitham. Jana nilimkalisha mbele yangu, nikamweleza yote, halua na vikombe na baba yake. Nikamwambia, "Ukiulizwa juu ya dada yako, usiangalie chini." Alinibusu kichwa. Hakusema kitu, ni mwanao huyo, lakini nitakaa karibu yake nimchokoze mpaka aseme.

Kwaheri, Kaka. Kila Ijumaa nitakusomea Yasini, hilo nakuahidi na sitakosa. Kukusamehe bado, na sitakudanganya kwa kuwa umekufa. Lakini siku nitakayokusamehe sitaiandika popote. Nitalisema kwa sauti, sebuleni, mbele ya wanao na yeyote atakayekuwepo, jina lako na langu.

Dada yako,
Zuwena