Vibonyezo Vilivyoinama

Malangali, Sumbawanga
12 Juni 1995

Dada Fortunata,

Shikamoo. Sisi tu wazima, ila baridi inatukata masikio.

Mfanyabiashara mmoja wa Majengo ameinunulia kwaya yetu piano ya mtumba. Miguu yake ya mbele ilivunjika njiani, kwa hiyo vibonyezo vikainama kuelekea kwa mpigaji. Vidole vikawa vinateleza, nikalazimika kukunja viganja ili nisivipoteze. Nilipokosea wimbo siku ya Pentekoste, niliwaambia wenzangu mwinamo huo ndio ulioniumiza mkono. Wakaniamini.

Juzi seremala wetu, Masunga, aliweka vipande vya mninga chini ya ile miguu, vibonyezo vikalala sawa kabisa.

"Haya mama, jaribu."

Mkono wa kulia ulikwenda vizuri. Wa kushoto uligoma. Masunga akautazama uvimbe kwenye kifundo chake, akauliza taratibu, "Mama, hivi piano huumiza mkono mmoja tu?"

Nililia mbele yake, mtu baki.

Dada, ni shemeji yako Modesti. Aliupinda kwa sababu nilichelewa kurudi kutoka mazoezini. Mwaka jana nilikuandikia kwamba nimeanguka kisimani. Sikuanguka.

Alhamisi napanda basi la kuja kwako Mbeya. Barua hii naituma kwa mkono wa mke wa Masunga, anayesafiri kesho. Tafadhali usinijibu. Nipokee tu stendi.

Modesti ananiita, anataka chai. Acha niishie hapa.

Mdogo wako,
Hellena